Mapitio ya Tagrisso: Kidonge Kinachoifuata Saratani ya Mapafu Hadi Ubongoni

Dawa nyingi za saratani ya mapafu husifiwa kwa namna zinavyopunguza uvimbe kifuani. Mapitio haya yanatumia kipimo kingine, kwa sababu saratani hii haikai kifuani. Katika aina yake iliyo ya kawaida zaidi, ambayo madaktari huiita saratani ya mapafu isiyo ya seli ndogo, angalau mgonjwa mmoja kati ya kumi hukutwa na uvimbe ubongoni tangu vipimo vya mwanzo, na wanaoupata wakati wowote wa ugonjwa hukaribia wanne kati ya kumi. Kwa wale ambao saratani yao inaendeshwa na hitilafu ya jeni ya EGFR, uwezekano huo ni mkubwa zaidi. Mimi ni mfamasia; kazi yangu ni kukabidhi dawa na kueleza inavyofanya kazi, na uamuzi wa matibabu ni wa daktari. Katika kuipitia Tagrisso nimejiuliza maswali mawili: je, inafika ubongoni, na ikifika inakuta nini huko cha kupambana nacho?

Tagrisso ni jina la biashara la osimertinibu, dawa ya kampuni ya AstraZeneca iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwezi Novemba 2015. Kidonge cha miligramu 80 kina rangi ya krimu iliyokolea na umbo la yai refu. Upande mmoja kimechongwa herufi AZ na tarakimu 80, na upande wa pili ni mtupu. Kile cha miligramu 40, kinachotumika pale daktari anapopunguza dozi, ni cha duara. Humezwa kimoja kwa siku, saa ile ile kila siku, kabla au baada ya chakula. Asiyeweza kumeza, na mgonjwa mwenye uvimbe ubongoni anaweza kufikia hali hiyo, anaruhusiwa kukitumbukiza kidonge kizima katika glasi yenye maji kidogo yasiyo na gesi, kukikoroga mpaka kisambaratike, kunywa papo hapo, kisha kusuuza glasi kwa maji mengine na kuyanywa hayo pia. Hakipondwi, na maji hayapashwi moto. Kitu kimoja ambacho watu wa duka la dawa hukithamini kuliko wagonjwa wanavyojua ni kwamba omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, haiathiri namna dawa hii inavyofyonzwa. Vidonge vilivyoitangulia, gefitinibu na erlotinibu, huhitaji asidi ya tumbo ili viyeyuke vizuri, ilhali mgonjwa anayemeza deksamethasoni ili kupunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe wa ubongo mara nyingi huandikiwa na omeprazoli ya kulinda tumbo.

Thamani ya kidonge hiki haieleweki bila kwanza kueleza saratani yenyewe inavyofika ubongoni. Damu inayotoka mapafuni huingia upande wa kushoto wa moyo na kusukumwa moja kwa moja kwenye ateri, na ubongo, ingawa uzito wake ni takriban asilimia 2 tu ya mwili, hupokea kati ya asilimia 15 na 20 ya damu hiyo. Seli iliyobanduka kutoka kwenye saratani ya titi hulazimika kwanza kupenya kapilari nyembamba za mapafu, na nyingi hunaswa humo. Seli iliyobanduka pafuni haikutani na kizingiti hicho. Hata hivyo, wingi wa damu hautoshi kueleza kila kitu. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliandika katika jarida la Lancet kwamba mbegu za saratani hutawanyika kila upande, lakini huota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Utafiti wa molekuli wa miaka ya karibuni umekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuuchunguza udongo huo, na kilichoonekana ni kwamba ubongo ni mahali pagumu sana kwa seli ngeni: nyingi zinazofika hufa, na zile chache zinazobaki ni zile zenye vifaa maalumu.

Kikwazo cha kwanza ni kuta za kapilari zenyewe. Katika sehemu nyingi za mwili kuta hizi zina mianya, lakini ubongoni seli zake zimebanana kwa protini kama klaudini-5, zikazungukwa kwa nje na seli za perisiti na nyayo za seli za usaidizi ziitwazo astrositi. Hiki ndicho kizuizi cha damu na ubongo. Seli ya saratani hukwama ndani ya kapilari na huhitaji vimeng'enya vya kukata nyuzi za protini ili itoke nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Genetics ulichunguza vivimbe vya ubongo vilivyotokana na adenokasinoma ya mapafu, aina kuu ya saratani isiyo ya seli ndogo, na kuvilinganisha na vivimbe vya asili vilivyomo pafuni. Jeni tatu, MYC, YAP1 na MMP13, zilikutwa na nakala za ziada mara nyingi zaidi katika vile vya ubongoni. MMP13 ni kimojawapo cha vimeng'enya hivyo vya kukata, wakati MYC na YAP1 huiamrisha seli iendelee kujigawa. Watafiti hawakuishia kuhesabu nakala: walipozidisha utendaji wa jeni hizo katika seli walizowapandikizia panya, vivimbe vya ubongo viliongezeka.

Kutoka nje ya kapilari ni mwanzo tu wa taabu. Astrositi, zikihisi kuna mgeni, husababisha kuzalishwa kwa plazimini, kimeng'enya kinachofanya kazi mbili dhidi ya saratani: huikata protini ya FasL kutoka kwenye ngozi ya astrositi ili ikaiue seli ngeni, na huikata L1CAM, protini ambayo seli ya saratani huitumia kushikilia ukuta wa nje wa kapilari na kutambaa juu yake huku ikijipatia damu. Maabara moja ya kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, New York, ilionyesha mwaka 2014 kwamba seli za saratani ya mapafu na ya titi zinazofanikiwa ubongoni hutoa protini za kundi la sepini, ikiwemo nyurosepini, ambazo huzuia plazimini isitengenezwe. Nyurosepini kwa kawaida ni kinga ya seli za neva, kwa hiyo saratani hujilinda kwa kutumia kinga ya ubongo wenyewe. Maabara hiyo hiyo, mwaka 2009, ilikuwa tayari imeonyesha kwamba njia ya mawasiliano iitwayo WNT, kupitia jeni LEF1 na HOXB9, huzipa seli za adenokasinoma ya mapafu uwezo wa kuvamia ubongo na mifupa.

Ugunduzi uliofuata mwaka 2016, katika Nature, ndio unaonistaajabisha zaidi katika somo hili lote. Baada ya kunusurika, seli ya saratani hujiunganisha na astrositi kwa vijinjia vidogo vilivyojengwa kwa protini ya koneksini-43, ikisaidiwa na PCDH7. Kupitia vijinjia hivyo hupitisha molekuli ndogo iitwayo cGAMP, ambayo mwilini ni king'ora cha kutangaza kwamba kuna virusi au DNA iliyopotea njia. Astrositi huitikia kwa kutoa intaferoni na TNF, silaha za kinga, lakini kwa seli ya saratani iliyozoea hali hiyo silaha hizo hugeuka kichocheo cha kukua na kustahimili tibakemia. Dawa ya maumivu ya zamani, meklofenamati, iliviziba vijinjia hivyo katika panya na kupunguza ukuaji wa vivimbe. Nimeitaja kwa sababu ya uzuri wa wazo, na asije mtu akaenda kuitafuta dukani kwa ajili hiyo.

Msomaji ataona kwamba Tagrisso haigusi hata moja ya njia nilizozitaja. Haizuii sepini, haizibi vijinjia, haina habari na MMP13. Inachofanya ni kuufuata mzizi. EGFR ni kipokezi kilichosimama juu ya ngozi ya seli kikisubiri amri ya kukua. Hitilafu mbili, kipande kilichofutika katika eksoni ya 19 (eksoni ni sehemu ya jeni) na badiliko la L858R katika eksoni ya 21, ambazo kwa pamoja ni kati ya asilimia 85 na 90 ya hitilafu zote za jeni hii, hukifanya kipokezi kitoe amri muda wote bila kuamrishwa. Ziligunduliwa mwaka 2004, na hupatikana zaidi kwa wasiovuta sigara, kwa wanawake, na kwa watu wa Asia Mashariki, ambako karibu nusu ya wagonjwa wa adenokasinoma wanazo, ikilinganishwa na asilimia 10 hadi 15 Ulaya na Marekani. Seli yenye hitilafu hiyo huitegemea kiasi kwamba amri ikikatwa, seli hufa.

Lakini je, seli zilizohamia ubongoni bado zinaitegemea? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walilinganisha vivimbe vya ubongo na vile vya asili kwa wagonjwa 86 wa saratani mbalimbali, na katika asilimia 53 walikuta ubongoni mabadiliko yenye maana kwa tiba ambayo hayakuonekana kwenye kipande kilichochukuliwa katika uvimbe wa asili. Matokeo hayo yanapaswa kumtia wasiwasi yeyote anayechagua dawa ya ubongo kwa kupima pafu peke yake. Kinachoiokoa Tagrisso ni kwamba hitilafu ya EGFR kwa kawaida hutokea mapema sana, kabla seli hazijaachana njia, na kwa hiyo mara nyingi hukutwa kote kuwili.

Vidonge vya kizazi cha kwanza vililenga kipokezi hicho hicho, na kifuani vilifanya kazi nzuri. Tatizo lilikuwa njiani. Kuta za kapilari za ubongo zina pampu, hasa glaikoprotini-P na BCRP, ambazo huzitambua molekuli za namna hiyo na kuzirudisha kwenye damu. Ikawa kifua kinatulia huku ubongo ukigeuka maficho. Madaktari walifikia hatua ya kujaribu kuwapa wagonjwa miligramu 1500 za erlotinibu mara moja kwa wiki, ilhali dozi ya kawaida ni 150 kwa siku, ili angalau kiasi fulani kipenye kwa nguvu ya wingi. Osimertinibu haizikwepi pampu hizo kabisa, lakini huzishinda vya kutosha: katika majaribio ambapo tumbili walichomwa dawa zilizotiwa alama ya mionzi kisha wakapigwa picha za PET, osimertinibu ilionekana kuingia ubongoni zaidi kuliko gefitinibu. Ikishafika, hujifunga moja kwa moja na kwa kudumu kwenye asidi amino ya sisteini iliyo katika nafasi ya 797 ya kipokezi, na hufanya hivyo kwa nguvu zaidi kwa kipokezi chenye hitilafu kuliko kilicho kizima, jambo linaloisaidia ngozi na utumbo wa mgonjwa. Pia huishinda T790M, hitilafu ya pili ambayo ndiyo iliyokuwa ikivishinda vidonge vya mwanzo mara nyingi zaidi.

Ushahidi kwa wagonjwa ni mzuri, ingawa sehemu inayohusu ubongo imejengwa juu ya watu wachache kuliko matangazo yanavyoashiria. Jaribio la FLAURA lilikuwa na wagonjwa 556 ambao hawakuwa wametibiwa kabla. Waliopewa osimertinibu walikaa muda wa kati wa miezi 18.9 kabla ugonjwa haujaendelea, dhidi ya miezi 10.2 kwa gefitinibu au erlotinibu, na waliishi muda wa kati wa miezi 38.6 dhidi ya 31.8. Kati ya wote 556, 128 walikuwa na vivimbe vilivyoonekana katika picha za ubongo, lakini waliokuwa na uvimbe wa kutosha kupimika walikuwa 41 tu. Kwa hao 41, vivimbe vilipungua kwa kiwango kinachohesabika kwa asilimia 91 ya waliopewa osimertinibu na asilimia 68 ya wenzao. Katika AURA3, jaribio la wagonjwa 419 wenye T790M ambao kidonge cha kwanza kilikuwa kimewashinda, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 70 dhidi ya 31 kwa tibakemia. Nambari ndogo, lakini zote zinaelekea upande mmoja, na ndiyo maana nazisadiki.

Jaribio la baadaye, FLAURA2, liliuliza kama inafaa kuongeza tibakemia juu ya kidonge. Kwa jumla jibu ni ndiyo, miezi 25.5 kabla ugonjwa haujaendelea dhidi ya 16.7, na kwa waliokuwa na uvimbe ubongoni miezi 24.9 dhidi ya 13.8. Gharama yake ni kichefuchefu, upungufu wa damu na safari za kwenda kutundikiwa dripu, mambo ambayo mgonjwa wa kidonge peke yake hayapati sana. Binafsi naona kwamba mwenye ugonjwa ubongoni ndiye mwenye sababu nzito zaidi ya kuyavumilia, na aliye dhaifu aachwe na kidonge chake.

Madhara ya kila siku ni kuharisha, vipele, ngozi kukauka na kucha kuvimba pembeni. Haya huvumilika kwa mafuta ya kupaka na ushauri mzuri. Yanayohitaji macho makali ni matatu: uvimbaji wa tishu za mapafu usio wa saratani, unaowapata takriban wagonjwa 4 kati ya 100 na unaoweza kuua, mapigo ya moyo kubadilika mwendo katika kipimo cha umeme wa moyo (ECG), na moyo kupungua nguvu. Kikohozi kipya au pumzi kukata ghafla ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa ni rahisi kudhani ni saratani yenyewe inayosumbua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karatasi ya maelezo ndani ya boksi hulitaja kwa maandishi madogo na ambalo katika Afrika Mashariki lingestahili kuandikwa juu ya boksi lenyewe. Osimertinibu huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, na dawa yoyote inayokiamsha kimeng'enya hicho huifuta Tagrisso mwilini kabla haijafanya kazi. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hupunguza kiasi chake kwa asilimia 78. Kwetu kikohozi kisichokwisha pamoja na kukonda mara nyingi huanza kutibiwa kama kifua kikuu, na wapo wanaougua vyote viwili, kwa hiyo kukutana kwa dawa hizi si nadharia. La pili linahusu ubongo moja kwa moja. Uvimbe wa ubongo huleta degedege, na dawa za degedege zilizo karibu na za bei nafuu ni fenitoini na kabamazepini, zote mbili viamshaji vikali vya kimeng'enya hicho. Mgonjwa anaweza kuuza shamba anunue kidonge kinachofika ubongoni, kisha dawa ya bei chee ya kutuliza dalili za ubongo huo huo ikakifuta. Levetirasetamu haina tabia hiyo, na ndiyo ninayopendekeza daktari aulizwe kuihusu. Asiache mtu dawa ya degedege kwa uamuzi wake. Efavirenzi, kwa wachache ambao bado wako kwenye mchanganyiko wa zamani wa ARV, nayo huamsha kimeng'enya hicho kwa kiasi, na daktari aambiwe.

Kuhusu bei, ilipoingia sokoni Marekani ilitangazwa kuwa dola 12,750 kwa mwezi, na bei ya bidhaa halisi haijawahi kuwa ya mtu wa kawaida popote. Viwanda vya Bangladesh hutengeneza osimertinibu ya majina mengine kwa gharama ndogo zaidi. Anayeletewa pakiti ya aina hiyo na ndugu aliyesafiri ahakikishe kwanza usajili wake, kwa TMDA nchini Tanzania au Bodi ya Dawa na Sumu nchini Kenya, kwa sababu kidonge bandia hakitofautiani na halisi kwa macho.

Kabla ya bei ya kidonge, hata hivyo, kuna bei ya kipimo cha jeni, na hapa sina mzaha. Tagrisso kwa mgonjwa asiye na hitilafu ya EGFR ni fedha iliyotupwa pamoja na muda ambao hana. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyeuziwa pakiti nzima katika duka moja ambalo halikuuliza majibu yoyote ya maabara. Alipopimwa, hitilafu haikuwepo. Kipimo bora hutumia kipande cha uvimbe. Kipimo cha damu kinakubalika pale kipande kisipopatikana, ila msomaji ajue kwamba ugonjwa uliojificha ubongoni pekee humwaga DNA kidogo sana kwenye damu, hivyo jibu la kutokuwepo hitilafu halipaswi kuaminiwa peke yake.

Ningeipa nyota nne kati ya tano, zote kwa mgonjwa mwenye kipimo mkononi. Ya tano inakosekana kwa sababu ya bei, na kwa sababu ushindi wake una mwisho: baada ya muda seli hubadilisha ile sisteini ya 797 kuwa serini ili kidonge kikose pa kushika, au huongeza nakala za jeni ya MET na kupitisha amri ya kukua kwa njia ya pembeni, au mara chache hugeuka kabisa kuwa saratani ya seli ndogo. Ndiyo maana ugonjwa ukirudi inafaa kupima upya kabla ya kubadilisha dawa. Na pale unaporudi sehemu moja au mbili tu za ubongo huku kifua kikiwa kimetulia, madaktari wengi humwacha mgonjwa aendelee na kidonge kile kile, na vivimbe hivyo vichache huelekezewa mionzi ya kulenga.